Shanta ya Safari Ndefu: Pakia Kinga, Hofu Iache Nyumbani

Asubuhi moja mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa ameandamana na mwanawe, kijana wa miaka 26 ambaye ni mwalimu. Kijana huyo alikuwa amebeba shanta, ule mfuko mkubwa wa mgongoni kama wa wanajeshi, nayo ilikuwa imefura hadi zipu zikakataa kufunga. Kabla sijauliza shida yao, mama alinitangulia.

"Daktari, mwambie huyu asiende," akasema. "Anataka kwenda hadi Cape Town kwa mabasi na kwa miguu, miezi mitatu mizima. Mimi nimesema nikachoka. Pengine wewe atakusikiza."

Kijana alitabasamu tu. "Mimi sijaja kuzuiwa, Daktari. Nimekuja uniangalilie dawa nilizonunua, kama zinatosha."

Sikumzuia. Nilimwomba apande kwenye mizani bila mzigo. Alikuwa na kilo 62. Nikamwambia avae shanta yake na apande tena. Sindano ya mizani ikaenda hadi 85. Kijana huyo alikuwa akikusudia kutembea na kilo 23 mgongoni kutoka Namanga hadi bahari ya kusini.

Tulimwaga vitu vyote kitandani. Kulikuwa na suruali tatu za jinzi, jozi nne za viatu, sufuria mbili, pasi ya umeme na kamusi. Mfuko wa dawa nao ulikuwa na pakiti sita za antibayotiki za aina nne, chupa tatu za dawa ya kikohozi, sindano za kudungia na tembe za "kuongeza nguvu". Nilitafuta chandarua, sikukiona. Nikatafuta sabuni, pakiti za chumvi ya ORS na cheti cha chanjo. Havikuwapo.

Msomaji mpenzi, huu ndio ugonjwa wa kwanza wa msafiri. Hupakia hofu zake badala ya kupakia kinga. Aliyewahi kuumwa na kifua hubeba dawa ya kifua ya kutosha kijiji kizima, na aliyesikia habari za majambazi hubeba kisu. Yale yanayowaangusha wasafiri kila siku, yaani mbu, maji machafu, miguu iliyochubuka na dawa ya kawaida iliyoisha njiani, hayakumbukwi na mtu.

Siku hizi vijana wetu wengi husafiri namna hii, wakipitia Arusha na Mbeya, wakaingia Malawi, wakavuka Zambia na Namibia hadi Afrika Kusini. Ni jambo zuri, maana kutembea kwingi ni kuona mengi. Hata hivyo, kila kitu unachotia katika shanta hakina budi kukueleza kinakukinga na nini. Kisipoweza kujibu, kitoe.

MZIGO NA MWILI

Wahenga walinena kwamba mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Katika safari hii Mnyamwezi ni wewe mwenyewe. Kanuni nzuri ni kwamba shanta isizidi sehemu moja kwa tano ya uzito wa mwili wako. Mwenye kilo 62 asipitishe kilo 12, na humo mna maji na chakula.

Shanta nzito inayoning'inia mabegani pekee hubana mishipa ya fahamu itokayo shingoni kwenda mkononi. Mtu huanza kuhisi ganzi vidoleni, kisha mkono ukalegea asiweze hata kuinua kikombe. Hali hii inajulikana sana miongoni mwa wanajeshi na wapanda milima. Aghalabu hupona mtu akiutua mzigo, lakini huenda ikachukua wiki nyingi au hata miezi.

Kwa hivyo chagua shanta yenye mkanda mpana wa kiunoni, ukae juu ya mifupa ya nyonga. Ukifungwa sawasawa, nyonga ndizo hubeba sehemu kubwa ya mzigo, na mabega husaidia tu kuushikilia usiyumbe. Vitu vizito vikae katikati, karibu kabisa na uti wa mgongo. Vyepesi kama nguo na blanketi vikae chini. Mfuko wa dawa ukae juu, pale mkono unapofika gizani bila kutafuta.

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, jaza shanta hiyo na uitembeze. Panda nayo milima ya Ngong au vilima vya kwenu, saa mbili au tatu. Kitakachokuumiza nyumbani kitakuumiza mara kumi ukiwa ugenini, na nyumbani bado una nafasi ya kukirekebisha.

MIGUU NDIYO GARI LAKO

Viatu vipya havisafiri. Vinunue mwezi mmoja kabla, uvivae kazini na sokoni hadi vizoee mguu. Jozi moja ya viatu vya kutembea na moja ya ndara zinatosha. Kwa soksi usifanye ubahili. Chukua jozi tatu au nne, ubadilishe mara tu zinapolowa jasho, kwa sababu ngozi iliyolowa ndiyo huchubuka.

Ukihisi mahali panawaka moto ndani ya kiatu, simama hapo hapo. Usingoje kufika. Panda plasta juu ya sehemu hiyo kabla lengelenge halijatokea. Likiwa limeshatokea, usilipasue ovyo, lifunike na ulikinge. Lengelenge dogo lililotumbuliwa kwa pini chafu nimeliona likigeuka jipu la kumlaza mtu hospitalini. Wenye kisukari wawe waangalifu mara mbili. Wao huenda wasihisi maumivu, na hivyo wakague nyayo kila jioni kwa mwanga wa tochi.

MBU NA MALARIA

Hapa naomba nisikizwe vizuri. Wakenya wengi husema, "Malaria ni ugonjwa wetu, tumeuzoea." La hasha! Aliyezaliwa na kukulia Nairobi, Nyeri au Eldoret, kwenye nyanda za juu ambako malaria ni nadra, hana kinga ya kujivunia. Hata aliyekulia Kisumu au Kwale, akikaa miaka mingi jijini, kinga aliyokuwa nayo hupungua. Mbele ya mbu wa Ziwa Malawi au wa bonde la Zambezi, hana tofauti kubwa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege kutoka Uingereza.

Kinga ya kwanza ni chandarua kilichotiwa dawa. Kile chepesi cha mtu mmoja kina uzito wa kama nusu kilo, na hiyo ni nusu kilo yenye thamani kuliko zote katika shanta. Beba na kamba nyembamba ya mita tatu au nne, maana vyumba vingi vya wageni havina pa kukitundika. Kinga ya pili ni mafuta ya kufukuza mbu ya kujipaka jioni, pamoja na shati la mikono mirefu na suruali ndefu nyepesi.

Kinga ya tatu ni tembe. Kuna aina tatu zinazotumika sana, na daktari ndiye wa kukuchagulia. Doksisaiklini humezwa kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria hadi wiki 4 baada ya kutoka. Haiwafai wajawazito, humfanya mtu aungue na jua upesi, na imezwe kwa maji mengi ukiwa wima, la sivyo huchoma koo. Meflokwini humezwa mara moja kwa wiki, huanzwa wiki 2 au 3 kabla na huendelea wiki 4 baada ya kutoka, lakini haimfai mwenye kifafa wala aliyewahi kuugua akili. Aina ya tatu ni atovakwoni iliyochanganywa na proguanili. Huanzwa siku moja kabla, humezwa kila siku, nayo humalizika siku 7 baada ya kutoka. Bei yake ndiyo huwatisha wengi.

Hizo wiki baada ya kutoka ndizo zinazoua. Miaka kadhaa iliyopita nilimtibu msichana aliyerejea kutoka Malawi akiwa na afya njema. Alipofika nyumbani aliacha tembe zake siku hiyo hiyo, akaamini kwamba safari imekwisha. Siku ya 12 akashikwa na homa. Aliambiwa dukani ni homa ya matumbo, akauziwa dawa za siku tano. Alipoletwa kwangu usiku alikuwa hatambui jina lake wala la mamake. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeshafika pabaya. Alilazwa siku 11 na akapona, lakini ilikuwa kwa tundu la sindano.

Hakuna tembe inayokinga kwa asilimia 100. Kwa hivyo kila msafiri wangu humwandikia maneno haya kwenye karatasi na kumwambia ayabandike ndani ya kifuniko cha mkebe wake wa dawa: HOMA NI KIPIMO SIKU HIYO HIYO. Si kesho, wala si baada ya kumeza kitu cha kutuliza kwanza. Tafuta zahanati upimwe damu. Sheria hii hudumu safarini na miezi mitatu baada ya kurudi, na daktari utakayemwona umwambie ulikotoka.

Nitaongeza jambo moja. Kwa homa, beba parasetamoli. Usikimbilie aspirini au ibuprofeni kabla ya kujua una nini, maana si kila homa ni malaria. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka wa 2014 na tena mwaka wa 2019. Kwa mgonjwa wa dengi, dawa hizo mbili huweza kuongeza hatari ya kuvuja damu.

MAJI NA TUMBO

Kuhara ndiko kunakompata msafiri kuliko maradhi mengine yote. Mara nyingi hupita kwenyewe baada ya siku chache. Hatari yake iko katika maji yanayotoka mwilini bila kurudishwa. Wakati mwingine pia si kuhara kwa kawaida. Malawi ilikumbwa na kipindupindu kuanzia mwaka wa 2022 hadi 2023, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Zambia nayo ilikumbwa na mlipuko mkubwa ulioanza mwezi wa Oktoba 2023. Mgonjwa wa kipindupindu anaweza kufa kwa saa chache tu, na kinachomwokoa ni maji na chumvi kwa wakati.

Beba chupa mbili za lita moja na tembe za klorini za kutibu maji. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Tia tembe kama kibandiko kinavyoagiza, kisha subiri nusu saa. Penye moto, chemsha hadi yatokote vizuri kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu milimani. Ukikosa vyote, jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi na uilaze juani saa 6. Mbingu ikiwa na mawingu mengi, iache siku mbili. Jua lenyewe huua vijidudu.

Pakiti za ORS ziwe sita au zaidi. Soma maandishi kabla ya kukoroga, kwani baadhi ni za nusu lita na nyingine ni za lita moja. Zikiisha, tengeneza mwenyewe kwa kutia katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Usizidishe chumvi.

Je, zile antibayotiki sita za kijana wetu? Nilimwachia aina moja tu, dozi moja, nikamwandikia lini aitumie: akihara damu au akihara akiwa na homa kali, na hospitali iko mbali. Tembe za kufunga tumbo pia nilimwachia chache, za siku ya basi refu. Kukiwa na damu au homa, zisiguswe kabisa. Kumeza antibayotiki kwa kila tumbo linalonguruma hakukingi, bali huwafunza vijidudu kuishinda dawa.

KICHOCHO HAKINA NGUO

Ziwa Malawi ni zuri mno na maji yake ni maangavu. Hata hivyo, kama ilivyo Ziwa Victoria na mifereji ya Mwea hapa kwetu, lina konokono wanaoeneza kichocho. Vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi nzima, isiyo na jeraha lolote, kwa dakika chache. Hakuna kitu cha kupakia kinachozuia hilo. Anayeogelea amekubali, na kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Ukishaingia majini, weka tarehe hiyo akilini. Baada ya miezi miwili au mitatu nenda upimwe mkojo, choo na damu. Usimeze prazikwanteli siku ile ile uliyoogelea, kwa kuwa dawa hiyo haiwaui minyoo wakiwa wachanga. Lazima wakomae kwanza ndipo iwapate.

SABUNI NI DAWA

Kipande cha sabuni cha shilingi chache hukinga tumbo mara nyingi kuliko kitu kingine chochote katika mkebe. Kina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukiumwa na mbwa, paka au tumbili, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha elekea hospitali siku hiyo ukachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Usiseme mbwa alionekana mzima. Ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili, tiba hakuna. Anayekwenda miezi mingi vijijini anaweza kuchanjwa mapema, sindano mbili zikiachana kwa wiki moja. Akiumwa bado atahitaji kuchanjwa tena, ila kwa sindano chache.

DAWA ZAKO ZA KILA SIKU

Mwenye shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifafa au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, hizo ndizo dawa za kwanza kuingia katika shanta, kabla ya plasta na kabla ya nguo. Hesabu siku zote za safari na uongeze wiki mbili. Gawa mafungu mawili, moja katika shanta, jingine katika kijifuko kisichotoka mwilini mwako. Shanta hupanda juu ya basi, na zilizopotea huko ni nyingi. Anayevaa miwani abebe ya pili.

Insulini haipendi joto. Ile unayoitumia hukaa nje ya friji kama wiki 4 pasipo na joto la kupita nyuzi 30, lakini bonde la Zambezi mwezi wa Oktoba huchemka kuliko hapo. Itie katika kichupa kikavu, kizungushie kitambaa kilicholowa maji, ukiweke kivulini penye upepo. Ni akili ile ile ya mtungi wa nyanya.

Jambo jingine ni mipaka. Acha kila dawa katika pakiti yake yenye jina. Tembe zilizochanganywa katika karatasi ya gazeti humtia polisi shaka, na ana haki. Omba barua ya daktari inayotaja jina lako, ugonjwa wako na jina halisi la dawa. Nchini Zambia dawa inayoitwa daifenhidramini, ambayo imo katika baadhi ya dawa za mafua, kikohozi na mzio zinazouzwa madukani, ni miongoni mwa dawa zinazodhibitiwa, na wasafiri wamewahi kukamatwa kwa sababu yake. Dawa zenye kodeini pia ni za kuangaliwa. Zile chupa tatu za kikohozi za kijana wetu mojawapo ilikuwa nayo. Tuliziacha zote tatu.

CHANJO NA KARATASI

Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Kwa hivyo majirani zetu wa kusini, ikiwemo Afrika Kusini, hudai cheti kutoka kwa anayetoka kwetu. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, basi usingoje siku ya kuondoka. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Anayekuambia kimeisha baada ya miaka 10 anatumia kanuni ya zamani.

Nenda kwa daktari wiki 6 kabla. Angalia pia chanjo ya pepopunda, ya homa ya matumbo na za homa ya ini. Jino linalouma ling'olewe au lizibwe nyumbani. Karatasi zote zipigwe picha na kuhifadhiwa katika simu, na nakala moja ibaki kwa mzazi.

BARABARA

Nimeacha la mwisho lile linaloua vijana wasafiri kuliko malaria na kipindupindu, nalo ni ajali. Kinga yake haipakiki sana. Beba tochi ya kuvaa kichwani na kitu kinachong'aa usiku. Usisafiri kwa basi la usiku panapo la mchana, na usipande bodaboda bila kofia ya chuma. Beba na kondomu zako mwenyewe, kwa anayejua atazihitaji na kwa anayedhani hatazihitaji.

KILICHOBAKI

Tulipomaliza, shanta ya kijana ilikuwa na kilo 11. Suruali mbili nyepesi, mashati matatu, sweta moja zito kwa usiku wa jangwani Namibia na baridi ya Cape Town kuanzia Juni hadi Agosti, koti la mvua, chandarua, mkebe wa dawa. Mkebe nasema, si mifuko ya plastiki, kwani Tanzania iliipiga marufuku mwezi wa Juni 2019 kama sisi tulivyofanya mwaka wa 2017. Pasi ya umeme mama aliibeba mkononi kurudi nayo nyumbani. Alikuwa bado amenuna.

Baada ya miezi minne mama yule alirudi kuchukua dawa zake za shinikizo la damu, na kijana alikuja naye. Alikuwa amekonda kidogo. Alikuja kupimwa kichocho kama tulivyokubaliana, maana aliogelea, nami nilijua ataogelea. Alinieleza kwamba njiani huko Zambia alisahau tembe zake za malaria kwa siku tano. Baadaye, akiwa Livingstone, homa ilimjia saa nane mchana. Wenzake walimwambia ni jua, alale tu. Alifungua mkebe kutafuta parasetamoli na kuiona ile karatasi kwenye kifuniko.

Saa kumi alikuwa amepimwa. Alikuwa na malaria. Alipewa dawa ya siku tatu, akaimaliza, akaendelea na safari.

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama ninaweza kumwandikia na yeye karatasi kama ile, kwa sababu ana mwana mwingine, na huyo anasema anataka kwenda Ethiopia.

MKEBE WA DAWA WA MSAFIRI

Kata orodha hii uihifadhi. Yote haipaswi kuzidi kilo moja na nusu, chandarua kikiwemo.

1. Dawa zako za kila siku, mafungu mawili, pamoja na barua ya daktari.
2. Tembe za kukinga malaria, za safari nzima na za siku zinazotakiwa baada yake.
3. Chandarua kilichotiwa dawa, kamba yake, na mafuta ya kufukuza mbu.
4. Pakiti 6 za ORS na tembe za klorini.
5. Parasetamoli na kipimajoto.
6. Antibayotiki ya aina moja, kwa maagizo ya daktari pekee, na tembe chache za kufunga tumbo.
7. Plasta, bendeji moja pana, pamba safi, dawa ya kusafishia vidonda, kibanio na mkasi mdogo.
8. Sabuni, kondomu, na kwa wanawake sodo za kutosha, kwani si kila mahali zinauzwa. Mwenye ualbino aongeze mafuta ya kukinga jua na kofia pana.
9. Cheti cha homa ya manjano, katika kijifuko cha mwilini.
10. Karatasi kwenye kifuniko: HOMA NI KIPIMO SIKU HIYO HIYO.